Pointi Bila Shahidi

Kaka yangu aliingia karakanani kwangu Jumamosi moja na daftari la shule kwapani, nikajua mara moja kwamba kuna kazi ya bure inanijia. Mimi ni fundi wa kike wa televisheni na simu hapa Kasuku, mjini Kindu, si mbali na soko. Mtu mwenye kitu kilichoharibika huja nacho mkononi. Anayekuja na daftari anataka kichwa changu, na hao ndio wanaonichosha.

Yeye ni mwalimu wa hesabu. Likizo ilikuwa imekaribia, na shule yao ilitaka kuwapa wanafunzi shughuli ya siku moja itakayowaweka mbali na barabara. Walikuwa wameamua kufanya mashindano ya michezo ya zamani ya kwenye televisheni, ile ya ndege na risasi, ambayo mtu hapigani na mwenzake uso kwa uso bali kila mmoja anacheza peke yake na kukusanya pointi, na mwenye pointi nyingi ndiye mshindi. Mashine ninazo mimi. Ninazo tatu, za aina ile iliyokuwa katika nyumba chache za Kindu tulipokuwa wadogo, pamoja na kaseti zake za plastiki zinazojigamba kwamba ndani mna michezo elfu moja, kumbe ni michache tu inayojirudia kwa majina mapya. Nimezifungua na kuzifunga mara nyingi mno, sijui hata ni kipande gani cha asili kilichobaki.

"Utuchagulie tatu," kaka alisema. "Weye njo unazijua."

Nilikubali haraka, kwa sababu napenda kuambiwa kwamba mimi ndiye ninayezijua. Kisha nikaanza kumfundisha, jambo ninalolipenda zaidi.

Watu hudhani mchezo wowote unafaa kwa shindano la pointi. Haufai. Kuna mchezo wa chombo cha angani unaokwenda kutoka kushoto kwenda kulia, mzuri kwa macho, lakini ukifa mara moja unanyang'anywa silaha zako zote na kurudishwa nyuma na kibunduki kimoja, kwa hiyo aliyekosea mara moja amekwisha, na watoto watalia. Nikauweka pembeni. Kuna mwingine ambao hesabu yake ikifika mwisho inarudi sifuri, na mchezaji bora anaonekana wa mwisho. Pembeni. Kuna ule ambao mwenye kidhibiti chenye kitufe cha turbo, kinachofyatua risasi mfululizo chenyewe, anashinda akiwa anapiga miayo. Nikamwambia kaka kwamba vidhibiti vyote vya turbo nitavifunga kwenye kabati na ufunguo utakaa shingoni mwangu. Alicheka, akaandika.

Tulichagua wa kwanza: Panzi. Jina hilo tuliupa sisi, la kiwandani silijui. Wadudu wamejipanga juu, wewe uko chini na kibunduki, wanashuka mmoja mmoja, basi. Hata mtoto ambaye hajawahi kushika kidhibiti anaelewa kabla hujamaliza kumweleza. Wa pili tulichagua ule wa ndege mbili za rangi ya majivu, kwa sababu unaua haraka, na kila mwanafunzi angekuwa na dakika kumi na tano tu.

"Na ya tatu," kaka akasema, "Mto."

Nilikuwa nimeshika chuma cha kulehemu. Nikakirudisha kwenye kishikio chake taratibu, kama mtu anayeweka chini kikombe kilichojaa.

"Mto hapana."

"Juu ya nini?"

Nikampa sababu. Nikasema mchezo huo ni mrefu. Nikasema mjanja anaweza kubaki karibu na matangi ya mafuta akivuna pointi ndogo ndogo bila kwenda mbele. Nikasema picha yake imechakaa, watoto wa siku hizi wataucheka. Zote zilikuwa sababu za kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa sababu yangu.

"Kama Mto haiko, shindano haiko," kaka akasema, naye si mtu wa kupigania mambo. Nguo zake huchaguliwa na mkewe.

Katika mchezo huo kuna ndege ndogo nyeupe inayoruka juu ya mto unaopinda, na msitu wa kijani pande zote mbili. Unapiga madaraja na mashua za kivita, unakunywa mafuta kwenye matangi, na ukigusa ukingo umekufa. Kwetu huo ulikuwa Lualaba, mto unaopita mjini kwetu, hakuna aliyehitaji kuambiwa. Tulikuwa na majina ya kona zake. Tuliucheza wakati wa vita, katika chumba cha mbele cha nyumba ya baba yetu mdogo, kwa umeme wa betri ya foni.

Foni ni ile redio ya kuongea na miji ya mbali. Kabla ya simu za mkononi, ndiyo iliyokuwa mdomo na sikio la Kindu. Baba mdogo ndiye aliyeiendesha. Watu walikaa kwenye benchi wakisubiri sauti ya ndugu zao kutoka Kisangani au Bukavu, na kila mtu alisikia habari za kila mtu, nani amezaa, nani amefukuzwa na mume. Baba mdogo aliheshimiwa kama daktari. Asubuhi alifungua vifuniko vya betri, akapima asidi kwa kipimo chake cha kioo, akaandika kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

Mji ulikuwa umefungwa. Askari walikuwa ndani, wapiganaji wengine msituni, na sisi katikati. Mashamba yalikuwa mahali pale pale, lakini kuyaendea kulikuwa kujitafutia kifo. Chumvi ilikuja kwa ndege. Treni hazikuja. Watoto wa umri wetu walichukuliwa njiani, na baba mdogo, ili tusitoke, alituruhusu nusu saa ya mchezo kila siku, nusu saa kwa saa ya ukutani. Paneli ya jua ilikuwa imebebwa na askari, na betri ilichajiwa mara moja kwa juma kwenye jenereta ya jirani. Aliunganisha televisheni ndogo na mashine kwa waya mmoja uliosokotwa pamoja. Huwezi kuzima kimoja ukaacha kingine.

Baba yetu alikuwa Punia, mji wa mbali na wetu. Alikwenda huko na mizigo ya nguo na chumvi kabla mambo hayajaharibika, na vita vikafunga njia nyuma ya mgongo wake. Kila Alhamisi saa kumi alasiri alikwenda kwenye foni ya kule, na sisi tulikaa huku. Mama alipewa kiti. Baba aliuliza kila mmoja kwa zamu, na baba mdogo alimaliza kila mara kwa maneno yale yale: "Kaa kule kule. Njia haiko. Tuko wazima, kaa kule." Nasi tulipumua mpaka Alhamisi nyingine.

Sasa nieleze sheria yetu, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Mashine ile haina kumbukumbu. Ukiizima, pointi zako zimekufa. Ndiyo maana kaka, ambaye hata utotoni alikuwa mwalimu, alitunga sheria kwamba pointi bila shahidi si pointi. Na shahidi hakuwa yeyote tu: lazima awe mwenye rekodi, kwa sababu ni yeye peke yake asiyekuwa na faida ya kukusingizia ushindi. Namba ikithibitishwa inaandikwa kwa mkaa nyuma ya mlango. Isiyothibitishwa ni marufuku hata kuitamka. Ukiitamka, hugusi kidhibiti juma zima. Namba ya nyuma ya mlango ilikuwa yake: 61,300. Ilikaa pale miezi, nami niliichukia kila nilipofunga mlango.

Alhamisi moja kaka alikuwa ametumwa ng'ambo ya mto kwa mtumbwi, na mjomba mmoja, kutafuta sombe, majani ya muhogo. Mama alikuwa kwa jirani. Baba mdogo aliitwa na askari aende kuonyesha karatasi za foni, akaondoka na karatasi zake ndani ya bahasha, shati amelichomekea. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nikawasha mashine saa saba na nusu. Nusu saa tu, nilijiambia, na nilikuwa mkweli.

Sijawahi kucheza vile tena. Vidole vilijua kabla yangu. Madaraja yalianguka, mto ukafunguka na kufunguka, nikapita mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika, ambapo hatukuwa na jina la kona. Nilipotazama juu, namba ilikuwa 78,420. Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha. Ndege ikasimama juu ya maji.

Nikawaza: kaka yuko njiani, atafika sasa hivi, ataona, ataandika, nitazima.

Saa nane ikapita. Nilikaa kwenye benchi la wateja na kuangalia mlango. Ndege haikusogea. Nilijua foni inahitaji ile betri saa kumi, sitasema sikujua. Kuna jambo moja ambalo sikulisema kwa mtu yeyote kwa zaidi ya miaka ishirini. Picha ilianza kusinyaa. Kingo nyeusi zikaingia kutoka pande zote, msitu ukaliwa, mto ukawa mwembamba. Nilijua maana yake. Baba mdogo alikuwa ametuonyesha: picha ikipungua, betri inaomba. Nikasema dakika tano tena. Nikasema hivyo mara nyingi. Nilitaka kaka aone.

Kisha kioo kikawa cheusi chenyewe. Nikatoa vibanio vya waya, nikarudisha kitambaa juu ya televisheni kama kilivyokuwa, nikaenda kukaa uani. Dakika chache baadaye baba mdogo akarudi akikimbia, jasho mgongoni, mama nyuma yake. Ilikuwa saa kumi kamili.

Foni ikiwa na betri dhaifu inasikia. Kusikia hakuhitaji nguvu nyingi. Ni kusema ndiko kunakokula. Baba mdogo akaunganisha, mlio wa hewa ukajaa chumba, na katikati yake baba akasema: "Kindu, Kindu, munanipata?" Baba mdogo akabonyeza kujibu, taa nyekundu ikazimika. Akaachia, ikawaka. "Kindu, munanipata?" Akabonyeza, ikazimika. Mama akasimama na kuongea ndani ya kile chombo kana kwamba umeme ni jambo la kuombwa. Baba aliita muda mrefu. Alituita kwa majina, mimi wa mwisho kwa kuwa ndiye mdogo. Kisha akanyamaza, tukadhani ameondoka, halafu akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua: "Kama hamuko tena, ninakuja kuona."

Baba mdogo alibeba betri kwenye baiskeli siku nzima ya pili kutafuta mwenye mafuta ya jenereta. Jumamosi akampata mwendeshaji wa Punia, naye akasema yule mtu wenu ameondoka jana asubuhi, kwa miguu. Hatukuwahi kupata habari nyingine.

Kaka alikuwa amerudi jioni ya Alhamisi na furushi la sombe. Siku kadhaa baadaye, kwa kuwa mtoto ni mtoto hata ndani ya msiba, nilimwambia, "Nilikupita." Akajibu, "Nani aliona?" bila kunitazama. Sikuitaja namba. Sheria ilikuwa sheria. Na baada ya hapo, namba ile ilikuwa kitu ambacho nisingeweza kukitoa mdomoni hata kwa fimbo.

Baba mdogo alisema betri ilikufa kwa uzee, asidi iliharibika. Upande wa mama hawakumwamini. Walisema aliwauzia wafanyabiashara moto wa betri akamwacha kaka yake aite hewani. Wazee walimwita, wakamkalisha, naye hakujitetea. Aliacha foni. Tangu hapo ni fundi wa viatu, ameinama juu ya soli za watu. Tulikaa uwanja mmoja, na mama aliendelea kumpelekea chakula kwa mikono yetu, lakini hakumsemesha. Matanga ya baba pia alikataa yafanyike. "Muntu anayekuja hawamulilii," alisema, na kila siku ikifika saa kumi alikuwa akinyamaza, hata kama alikuwa katikati ya neno. Alifariki miaka michache iliyopita akiwa bado anamsubiri.

Mimi nami hunyamaza. Redio nyingi zinapita mezani kwangu, na saa kumi ikifika huzima zote. Wateja wanadhani naswali.

Hayo yote yalikuwa nyuma ya meno yangu niliposema Mto hapana. Kaka alikaa. Alikaa kama wanafunzi wake wanavyokaa wakijua jibu lakini hawataki kuitwa. Hatimaye nilichoka.

"Sawa. Lakini mimi njo naandika sheria."

"Andika."

"Ya kwanza. Hakuna kusimamisha muchezo. Muntu akisimamisha, pointi yake inakufa."

Aliandika bila kuuliza kwa nini, na hilo lingenishtua kama ningekuwa na akili siku ile. Nikasema tena kwamba pointi zipigwe picha kwa simu, ndivyo wanavyofanya siku hizi. Akatikisa kichwa.

"Picha hapana. Shahidi. Muntu mwenye macho."

Akachora jedwali kwa rula: mchezaji, pointi, shahidi. Wanafunzi walikuwa wameomba kila mchezo uwe na namba ya kupigwa, ili wawe na kitu cha kukifukuza. Kwa Panzi tuliandika namba niliyoipata asubuhi ile nikijaribu mashine. Kwa ndege za majivu tukaandika ya kaka. Kisha akafika kwenye Mto, akaandika haraka, akafunika kalamu.

Niliisoma kichwa chini, kutoka upande wangu wa meza. 78,420.

Nje pikipiki ilikuwa ikigombana na mama muuza ndizi. Nakumbuka nilisikiliza ugomvi ule wote mpaka mwisho.

"Hii namba umeitoa wapi?"

"Weye unajua."

"Sikuisema kwa muntu. Hata kwa mama. Hata kwa Mungu sikuisema kwa sauti."

"Niliiona," akasema.

Mtumbwi wao haukuchelewa. Walivuka mapema kwa sababu ng'ambo walikuta risasi. Alipitia nyuma ya nyumba ili asikutane na askari, akachungulia kwenye dirisha la chumba cha mbele. Akaniona kwenye benchi, nikiangalia mlango. Akaona ndege imesimama juu ya maji, na namba. Akarudi nyuma kimya kimya, akaenda kukaa kwa rafiki yake mpaka jioni.

"Juu ya nini, yaya?" nikamuuliza, nikimwita kaka yangu kama tulivyoitana utotoni.

"Juu ulinipita." Alikuwa akiikunja pembe ya karatasi. "Nikafikiri, nisipoingia, haiko pointi. Utachoka, utazima. Njo ile tu. Hakuna ingine."

Nitasema nilichohisi, ingawa hakinipendezi. Nilihisi hasira kali sana. Miaka yote nilikuwa nimeibeba ile alasiri kama yangu peke yangu, nimelala nayo, nimeolewa nayo, nimeachika nayo, na mwenzangu alikuwa amekaa chumba cha pili akiwa na nusu yake. Nilitaka kumpiga na chuma cha kulehemu. Halafu nikamwambia habari ya picha iliyosinyaa, ile ambayo hakuiona kwa kuwa aliondoka kabla, na nikaona uso wake ukipoteza rangi. Ndipo hasira ikaniishia. Alikuwa na mvi. Sijui zilikuwa zimeota lini.

"Baba mudogo iko nyumbani?" aliuliza.

"Iko."

Tulifunga karakana saa tisa. Baba mdogo alikuwa barazani pa chumba chake, kiatu cha mtu kikiwa kati ya magoti. Ni mzee sasa, sikio moja halifanyi kazi, na ilibidi tuseme kwa sauti kubwa, jambo lililotuongezea aibu. Nilianza mimi. Nikamwambia saa niliyowasha, waya, kitambaa. Kaka akamwambia dirisha. Hakutukatiza. Mkono wake ulikuwa umesimama na sindano ndani ya soli.

"Kwenye dirisha," alimuuliza kaka, "ilikuwa saa ngapi?"

"Saa nane na nusu, baba mudogo. Karibu na tisa."

"Picha ilikuwa kamili?"

"Kamili."

Akaitikia kwa kichwa kama fundi anayesikiliza maelezo ya ugonjwa wa mashine. "Basi batri ilikuwa ingali na nguvu," akasema.

Kaka akaweka mkono usoni.

"Niliipima ile asubuhi," baba mdogo akaendelea. "Nikaandika kwenye karatasi. Asidi ilikuwa muzuri. Nilijua ilikuwa muzuri. Lakini batri ilikufa, na ninyi muko watoto wazuri, hamukusema kitu, nikasema basi macho yangu njo ilikosea. Toka siku ile sikuamini macho yangu tena. Ata foni niliacha juu ya ile." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Mama yenu alijua?"

"Hapana," nikasema.

"Alikufa anajua njo mimi."

"Ndiyo, baba mudogo."

Hakusema ametusamehe, wala hatukuthubutu kumuuliza. Alimaliza kiatu. Alikigeuza, akakitazama, akakiweka kando na chenzake. Tulikuwa tumesimama pale kama watu waliokuja kuchukua viatu. Kisha akauliza hayo mashindano ni ya umeme gani, na kaka akamwambia ni betri mbili za paneli ya shule.

"Nani atachunga batri?"

Hatukuwa tumefikiria.

"Mimi," baba mdogo akasema.

Siku ya mashindano alikuja na shati jeupe amelichomekea. Kipimo chake cha kioo alikuwa amekihifadhi miaka yote ndani ya soksi. Alipima betri, akaandika kwenye karatasi, akaibandika ukutani, akakaa kwenye kiti karibu na waya. Ukumbi ulikuwa na kelele tangu asubuhi. Mashine moja iliniharibikia saa tano, nikaitengeneza huku nikiwatukana wote. Panzi aliwachekesha. Ndege za majivu ziliwaua haraka kama nilivyotaka. Kwenye Mto walichekea picha kwanza, kisha wakaacha kucheka. Kaka hakuondoka hapo siku nzima, amesimama nyuma ya kila mchezaji, mikono mgongoni.

Saa kumi kasoro dakika chache alikuwa anacheza msichana wa darasa la tatu la sekondari, mwembamba, aliyekunja midomo ndani. Niliona vidole vyake na nikavitambua. Madaraja yalianguka. Wenzake walikuwa wameanza kujisogeza kutoka kwenye mashine nyingine na kujikusanya nyuma yake. Namba ilipita sabini elfu. Nilimwona baba mdogo akitazama saa ya ukutani. Akainuka. Nikajua atakachofanya, na nilikuwa karibu kiasi cha kumzuia, sikumzuia.

Akatoa vibanio. Vioo vyote vitatu vikawa vyeusi, na ukumbi mzima ukalalamika kwa sauti moja.

"Munyamaze kidogo," baba mdogo akasema. Hakuinua sauti. Labda ilikuwa shati lake, labda nywele zake, lakini walinyamaza, watoto wote wale ambao hawakujua wananyamazia nini. Ilikuwa saa kumi. Nilisikia mwewe juu ya bati, na mtu akitwanga mbali. Mimi, kaka na baba mdogo tulisimama mahali tulipokuwa, kila mmoja na uso wake, tukisikiliza. Hakuna aliyeita.

Baada ya muda baba mdogo akarudisha vibanio, akakaa.

Yule msichana alikuwa bado ameshika kidhibiti, macho kwenye kioo kilichokuwa kinaanza upya kutoka mwanzo. Akageuka nyuma, machozi karibu.

"Mwalimu, na pointi yangu?"

Kaka akamwonyesha karatasi. Namba ilikuwa pale, 80,150, imeandikwa kabla vioo havijazimika, na pembeni yake, kwenye safu ya shahidi, alikuwa ameandika jina lake lote.